Nchi ya Mawe Saba Haina Mwenyewe

Ipo nchi moja, si mbali sana wala si karibu sana, ambayo jina lake ningelitaja kwa furaha kama ningepata kibali. Jina hilo limesajiliwa Wizara ya Umiliki, na anayetaka kulitumia hujaza fomu. Fomu zenyewe zilikwisha mwaka juzi, na fomu za kuagizia fomu nyingine zikafuata wiki iliyofuata. Kwa hiyo wananchi wake wakiulizwa wanatoka wapi, hunyoosha kidole tu kuelekea nyumbani. Ni watu watulivu.

Juu ya mlango wa Wizara hiyo pamechongwa maneno haya: HAKUNA KITU KISICHO NA MWENYEWE. Ni maneno mazuri, na yameleta maendeleo. Kivuli cha kila mti kimepewa namba. Mwangwi wa mlima ulikabidhiwa Idara ya Habari, na siku hizi ukiita pale hujibiwi mpaka mhariri aupitie mwito wako. Methali nazo ziligawiwa mashirika ya umma. "Haraka haraka haina baraka" ilikwenda kwa Mamlaka ya Barabara, ambayo imeitunza kwa uaminifu mkubwa hadi leo, na "Subira huvuta heri" ikachukuliwa na hospitali. Mwananchi wa kawaida akitaka kumfunda mwanawe kwa methali anaruhusiwa kusema nusu yake. Nusu nyingine mtoto ataisoma atakapokuwa mtumishi wa serikali.

Humo aliishi Bi Sikudhani, mwalimu mstaafu wa jiografia, mama mwembamba mwenye sauti ya kuamsha darasa la watoto sabini. Makosa yake yalianza kazini. Wakati huo ramani ya nchi ilikuwa siri ya dola, kwa hofu kwamba adui akijua mito ilipo atakuja kuinywa. Mwalimu aliruhusiwa kufundisha ramani, ila asiionyeshe, asiichore, na asitaje kaskazini iko upande gani. Wenzake walitii wakafundisha usafi wa mazingira. Sikudhani akabuni nchi nyingine.

Aliiita Nchi ya Mawe Saba. Aliipa mito, milima, jangwa moja dogo na mji wenye watu wabishi. Kila mwanafunzi alijichagulia mtu wa kuwa: mfinyanzi, mpiga mbizi, mwunga mifupa, mwizi aliyetubu. Mwalimu anasema, "Mmefika mtoni, maji yamejaa, mtumbwi ni mmoja. Mnafanyaje?" Watoto wanashauriana, wanagombana, wanaamua, kisha wanarusha dadu. Dadu ikiwapendelea wanavuka, isipowapendelea wanalowa. Watoto wale walijua kusoma mkondo wa mto kuliko wahandisi, ingawa ulikuwa mto usiokuwapo.

Dadu ilichongwa na mumewe, Vuai seremala, kutoka mti wa mpera. Ilitakiwa iwe na pande ishirini zilizo sawa. Vuai alikuwa bingwa wa milango, na mlango hauna pande ishirini, kwa hiyo dadu yake ilitoka nene upande mmoja ikawa inaangukia kumi na moja kila ikijisikia. Wachezaji walimlaumu wiki nzima. Mwisho akachukua kalamu, akaandika ndani ya kitabu cha mchezo: *Dadu ikiangukia kumi na moja, hapana anayekufa wala anayeshinda. Wote wapumzike, wale kilichopo. Nimeongeza mimi, Vuai seremala, baada ya lawama nyingi.* Miaka mitatu baadaye kifua kilimchukua. Sikudhani hadi leo hawezi kuisoma kanuni hiyo kwa sauti bila kusimama kidogo katikati.

Kitabu chenyewe kilianza kama kijitabu chembamba kilichoshonwa kwa uzi wa viatu. Ukurasa wa mwisho Sikudhani aliandika jambo ambalo wanasheria wa nchi za mbali huliita leseni huria, na ambalo yeye aliliona ni adabu tu: *Kitabu hiki ni chako. Kinakili, kibadili, kiongezee, kigawe. Mambo mawili tu: wataje waliokupa, na utakachoongeza wewe, nacho kiache wazi hivi hivi kwa wengine.*

Watu wakafanya hivyo hivyo. Muuguzi mmoja wa mpakani aliongeza kanuni za kuumwa na nyoka. Muuza samaki aliongeza soko la wafu ambako hakuna kupunguziwa bei. Askari mmoja aliongeza ngome, akasaini jina la kwanza tu. Kitabu kilikwenda, kikarudi kinene, kikaenda tena. Mwaka ninaousimulia kilikuwa na kurasa arobaini na majina sitini na matatu, na kila Jumamosi asubuhi kilichezwa kwenye duka la Fundi Machano, mshona nguo, kwa sababu meza yake ya kukatia ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote mtaani. Fundi alichemsha muhogo. Waliokuja walikula. Hakuna aliyefikiri kwamba nchi ilikuwa hatarini.

*

"Hodi hapa."

"Karibu. Kupimwa au kurekebishiwa?" Machano aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wizara ya Umiliki."

Machano akatoa pini mdomoni, moja moja. "Basi karibu mara mbili."

Aliyeingia alikuwa Mkaguzi Pazi, mtu wa makamo mwenye mkoba mkubwa na aibu ndogo ndogo usoni. Alipomwona Sikudhani aibu ikakua. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pazi wewe! Ulikuwa mwizi aliyetubu. Uliketi dirishani."

"Nipo kazini, Mwalimu." Akafungua mkoba. "Tumepata taarifa kwamba mahali hapa pana kitu kinagawiwa…" Akageuka kuangalia nyuma, akashusha sauti kama anayetaja ugonjwa mbele ya wageni. "Bure."

"Kitabu cha mchezo. Chukua kimoja."

Mkono wa Pazi ulitoka wenyewe, akaurudisha. "Mwenyewe nani?"

"Wote."

"Wote ndiye nani? Ana kitambulisho?"

"Sisi sote, Pazi. Nawe umo."

Pazi akaandika: *Mshukiwa wa kwanza, Wote. Makazi hayajulikani.* Kisha akatoa fomu namba U-17 na kuilaza juu ya meza, katikati ya mkasi na sahani ya muhogo. Fomu ilikuwa na nafasi ndefu ya tarehe, nafasi ndefu zaidi ya muhuri, na mstari mmoja mfupi: *Jina la Mwenyewe (MOJA TU).* Chini yake palikuwa na kiapo: *Naapa kwamba hakuna mtu mwingine aliyeongeza humu neno, alama wala doa.*

Pazi alieleza sheria kwa sauti ya kukariri. Mwalimu akisaini, kitabu kitakuwa chake, na kwa kuwa yeye ni mtumishi mstaafu, mali yake ya akili itahamia Wizarani kutunzwa. Asiposaini ndani ya siku thelathini, kitabu kitatangazwa yatima. Vitabu yatima huchomwa moto kwa usalama wao wenyewe.

"Na hawa sitini na wawili wengine?" Sikudhani aliuliza.

"Mstari ni mmoja, Mwalimu."

"Niape kwamba Vuai hakuandika?"

 Pazi alikuwa ameinamia kitabu kilichokuwa wazi, ukurasa wa tisa, penye mwandiko wa mtoto: *Daraja la Kamba. Linabeba wote pamoja au halibebi yeyote. Nimeongeza mimi, Pazi, darasa la tano.* Akafunga mkoba haraka, akasahau kofia.

*

Sikudhani alikwenda Wizarani siku ya tatu, ya saba na ya kumi na moja. Dirisha la kwanza lilimpeleka la tisa, la tisa likamrudisha la kwanza, na kati yao palikuwa na kijibenchi ambacho watu walikuwa wamezeeka nacho. Aliomba jambo dogo tu. Fomu iongezwe mistari sitini na miwili.

"Haiwezekani, mama," alisema karani.

"Kuchora mistari tu?"

"Mistari ni ya Idara ya Mistari. Sisi hapa tuna nafasi tupu."

"Mwanangu, kidole kimoja…" Sikudhani alianza, akasita, akatazama kulia na kushoto. Karani naye akatazama kulia na kushoto. Wote wawili waliijua nusu iliyobaki, na wote wawili wakainyamazia.

Siku ya kumi na moja alibahatika kumwona Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Ngoloko, mtu mpana mwenye tabasamu la kukata utepe. Meza yake ilikuwa na bendera tatu za nchi ile ile. Alimkaribisha vizuri sana, akamwuliza hali, na hakungoja jibu.

"Mwalimu," alisema, "Ngoloko anakuelewa. Ngoloko naye alikuwa mtoto, alicheza. Lakini hebu tutazame mbali. Kitu cha wote ni kitu cha hakuna. Kitu cha hakuna ni ufa. Na ufa usipozibwa, Mwalimu, wenye methali hiyo wanajua kinachofuata. Leo unagawa kitabu, kesho atatokea mtu kugawa hewa!"

Msaidizi wake akamnong'oneza kwamba hewa bado haijasajiliwa. Waziri akashtuka, akaagiza isajiliwe kabla ya chakula cha mchana, na kwa muda wote uliobaki alipumua kwa uangalifu.

"Saini, mama," alimalizia. "Utapewa cheti. Hao wengine watasahaulika tu, watu husahaulika, ni kawaida."

Sikudhani alishuka ngazi za Wizara akiwa na hasira. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na mbili na hajapata kumwambia mtoto yeyote kwamba atasahaulika tu. Alipofika nyumbani aliitoa dadu ya mpera kabatini akaishika mpaka kiganja kikapata joto. Hakusaini.

*

Sasa, Wizara haikuwa ya kukurupuka. Kabla ya kuchoma kitu ni lazima ijulikane kinachochomwa ni nini, na hakuna aliyejua kama hicho kilikuwa kitabu, mchezo au maasi. Ikaundwa Kamati ya Kubaini Kitu Hiki ni Kitu Gani, ya wajumbe tisa, Pazi akiwa katibu. Yaliyotokea humo Sikudhani aliyasikia baadaye kutoka kwa Pazi mwenyewe, nami nayasimulia alivyoyasimulia.

Ili kubaini, ilibidi wacheze. Siku ya kwanza kila mjumbe aliambiwa achague mtu wa kuwa, na wote tisa wakachagua kuwa mwenyekiti. Walifika mtoni, wakafungua kikao, wakateua kamati ndogo ya kasia. Mtumbwi ulizama wakiwa kwenye ajenda ya pili. Siku ya nne mmoja wao alikubali, kwa shingo upande, kuwa mfinyanzi. Siku ya tisa walivuka. Siku ya kumi na mbili Naibu Mwanasheria wa Serikali, mtu aliyewahi kuwafukuza wajane kwenye nyumba zao bila kupepesa jicho, alilia kwa kwikwi kwa sababu mwunga mifupa wake aliachwa upande wa pili wa daraja. Siku thelathini zilipita na kamati ikaomba kuongezewa nyingine thelathini, ikisema bado haijaridhika na mashariki ya jangwa.

Ripoti yake ilikuwa kali. Kitabu kilikuwa cha hatari kuliko ilivyodhaniwa. Katika Nchi ya Mawe Saba msimulizi hubadilishwa kila wiki kwa zamu, bila uchaguzi na bila mabomu ya machozi. Mtu akikosea haadhibiwi, anaulizwa, "Sasa unafanyaje?" Na mto, ripoti ilisisitiza kwa herufi nzito, unavukwa bila kibali. Hata hivyo kamati ilipinga kukichoma, kwa sababu ambazo haikuziandika. Ilipendekeza Wizara ichapishe Toleo Rasmi, ambamo sheria zote za nchi zingeongezwa kama kanuni za mchezo, ili watu wa Mawe Saba nao watawaliwe kama watu wengine.

"Na saini ya yule mama?" Waziri aliuliza.

Naibu Mwanasheria akafungua ukurasa wa mwisho. "Haihitajiki, Mheshimiwa. Imeandikwa: kinakili, kibadili, kiongezee, kigawe. Anaambiwa nani? Msomaji. Wizara imesoma. Basi Wizara imeruhusiwa."

Waziri akacheka mpaka bendera zikatikisika. "Kumbe duniani kuna watu wajinga kiasi hiki! Wanaruhusu kila mtu!"

Palikuwa na sentensi nyingine iliyofuata. Lakini chai iliingia wakati huo, na chai ya Wizara huja na sambusa.

*

Lazima nieleze desturi moja ya ofisi za nchi hiyo, maana bila hiyo mgeni hataelewa.

Zamani karani mmoja alinakili hotuba ya Mkuu wa Nchi akaruka neno moja, "si". Alihamishiwa kulinda ziwa lililokauka, na inasemekana bado analilinda. Tangu siku hiyo ilitungwa Kanuni ya Nakala Kamili. Kila hati hunakiliwa yote, herufi kwa herufi, makosa kwa makosa. Penye doa la chai huandikwa: *hapa pana doa la chai.* Katika ofisi za nchi hiyo kuongeza ni utiifu, na kupunguza ni uasi. Ndiyo maana hotuba zao hurefuka mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo kijitabu cha kurasa arobaini kilichapwa chote, pamoja na majina yake sitini na matatu, madoa yake na mwandiko mbaya wa darasa la tano. Zikafuata sheria zote za nchi, kurasa elfu mbili mia tatu na kumi na mbili. Na kwa kuwa ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mwisho katika asili, haukuweza kuwa pengine popote isipokuwa mwisho. Uliwekwa pale, nyuma ya sheria zote, ukapigwa muhuri wa dhahabu wenye tai.

Aliyepewa kazi ya kuhakiki nakala alikuwa katibu wa kamati. Sikudhani alikuja kumwuliza siku moja kama hakuona. Pazi akaivaa kofia yake. "Kupunguza ni uasi, Mwalimu," alisema. "Mimi ni mtumishi mtiifu."

Toleo Rasmi lilizinduliwa kwa ngoma na tarumbeta. Watu wanne walilibeba jukwaani. Waziri alitangaza kwamba tangu saa ile vijitabu vya zamani ni marufuku, na atakayekutwa akigawa au akicheza ataona. Jumamosi iliyofuata Sikudhani alitandika kitabu chake cha uzi wa viatu juu ya meza ya Machano, kama Jumamosi nyingine zote. Askari waliwakuta jangwani, wakitafuta maji.

*

Shtaka lilikuwa moja: kugawa kisicho chako, kifungu cha nane cha Sheria ya Umiliki. Adhabu ilikuwa kifungo kwa mtu na moto kwa vitu. Juu ya meza ya mahakama palikuwa na Kielelezo A, kijitabu, na Kielelezo B, dadu ya mpera, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni kama kisu cha muuaji. Sikudhani hakuogopa kifungo sana. Jela ni kama shule ya bweni tu, alijisemea. Lakini kila alipoutazama ule mfuko alikumbuka ule moto.

"Una la kusema, mshtakiwa?" aliuliza hakimu, mama mzito mwenye sauti ya mtu aliyesikiliza uongo miaka mingi.

"Naomba Toleo Rasmi lisomwe, Mheshimiwa. Ukurasa wa mwisho tu."

"Hati yenye muhuri wa tai husomwa kutoka neno la kwanza. Unaijua kanuni?"

"Naijua, Mheshimiwa. Mimi ni mstaafu, sina haraka."

Wakaanza. Ilichukua siku tisa. Asubuhi ya kwanza hakimu alisoma kurasa arobaini za mwanzo kwa sauti ile ile ya kusomea hukumu. Alisoma nyoka wa muuguzi, soko la wafu, Daraja la Kamba. Alisoma, "Hapa pana doa la chai." Kisha akasoma, "Nimeongeza mimi, Vuai seremala, baada ya lawama nyingi," na mwandishi wa mahakama akaandika, taka taka taka, kwenye kumbukumbu ambazo sheria inakataza kufutwa. Sikudhani akaufunika uso kwa mtandio. Alilia kimya kimya, kwa raha, kama mtu aliyetua mzigo.

Siku nane zilizobaki zilikuwa sheria. Mwendesha mashtaka alilala katika Sheria ya Uvuvi akaamka katika Sheria ya Mazishi. Machano alikuja kila siku, akapinda sketi tatu na suruali mbili kwenye benchi la wasikilizaji. Siku ya tisa, saa tano asubuhi, hakimu alifungua ukurasa wa mwisho. Akasoma.  Akasoma tena, polepole.

"'Na utakachoongeza wewe, nacho kiache wazi hivi hivi kwa wengine.'" Akainua macho. "Mwendesha mashtaka, Wizara ilinakili kitabu hiki kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa ya ukurasa huo, Mheshimiwa."

"Na Wizara iliongeza nini?"

"Sheria za nchi, Mheshimiwa."

"Zote?"

"Toleo ni kamili, Mheshimiwa," alisema kwa fahari, kisha fahari ikaanza kumtoka, mashavu kwanza.

Hakimu akavua miwani. "Basi kwa muhuri wa tai, sheria za nchi hii zimeachwa wazi. Yeyote azinakili, azibadili, aziongezee na azigawe."

"Hata hiyo ya kifungu cha nane?" Machano aliuliza kutoka nyuma.

"Kaa chini, mzee." Hakimu akafikiri. "Ndiyo. Hata hiyo."

Machano hakukaa. Alikwenda mbele akiburuta uzi mweupe kwenye kiatu, akaomba radhi, akafunua kurasa mpaka akaipata Sheria ya Umiliki. Kwa ile penseli yake ya kuchorea vitambaa akaandika pembeni ya kifungu cha nane: *Isipokuwa Jumamosi. Nimeongeza mimi, Machano fundi cherehani.*

Hakimu akaisoma sheria ilivyokuwa sasa. "Kosa hili lilitendeka siku gani?"

Mwendesha mashtaka akatazama jalada lake kwa huzuni. "Jumamosi, Mheshimiwa."

"Mshtakiwa yuko huru. Arudishiwe dadu yake."

*

Ningependa kusema kwamba nchi ilivurugika, maana ndivyo wakubwa walivyotabiri. Lakini kilichotokea ni kwamba watu walianza kusoma sheria zao, jambo ambalo halikuwahi kujaribiwa. Wauguzi walirekebisha sheria ya foleni. Watoto wa shule walirekebisha sheria ya ramani, wakachora nchi, na mito ikakutwa palepale ilipokuwa siku zote. Wajane waliongeza mambo mawili matatu kwenye sheria ya nyumba, wakasaini kwa majina yao na ya mitaa yao. Palipoongezwa upuuzi, mwingine alikuja akaongeza akili juu yake. Walibishana mno. Kidogo kidogo walizoea kuulizana, "Sasa tunafanyaje?"

Serikali nayo ilikuwa na haki ya kuongeza, kama mtu mwingine. Shida ilikuwa sharti la kutaja jina. Zamani sheria zilitiwa saini *Serikali*, na Serikali haina uso wala mama mzazi mtaani. Sasa mtu alitakiwa aandike, *Nimeongeza mimi, fulani.* Mawaziri watatu walileta miswada, wakafika penye mstari wa mwisho, wakakumbuka kwamba wameacha jiko linawaka.

Jumamosi moja gari refu lilisimama mbele ya duka la Machano. Akashuka Mheshimiwa Dakta Ngoloko, peke yake, akiwa na bahasha. Alikuwa amekonda.

"Mwalimu," alisema, "Ngoloko hakuja kugombana. Wanasheria wanasema aliyefungua ndiye anayeweza kufunga. Ila kwanza lazima apatikane mwenyewe." Akatoa fomu U-17. Mstari mmoja mfupi ulikuwa umeshajazwa kwa herufi za dhahabu: *Marehemu Vuai, Seremala.* "Atakuwa mwenyewe yeye. Peke yake. Sanamu yake tutaiweka mbele ya Wizara, na watoto watamsoma shuleni. Wewe mjane wake utasaini kwa niaba yake, basi."

 Sikudhani alilitazama jina lile. Lilikuwa zuri. Hakuwahi kuliona limeandikwa kwa dhahabu, na lililoandikwa kaburini lilikuwa la rangi ya mafuta iliyobanduka kwa mvua. Alitamani, nisiseme uongo, alitamani sana.

"Mheshimiwa," alisema mwisho, "mume wangu alitengeneza dadu mbovu. Kama si lawama za watu wengine asingeandika neno. Kidole kimoja hakivunji chawa." Aliisema yote, mpaka mwisho, na paa halikuanguka. "Alishatoa. Siwezi kumnyang'anya maiti kitu alichotoa kwa hiari yake."

Akairudisha fomu ndani ya bahasha. Waziri alibaki amesimama, hana pa kwenda, maana dereva alikuwa ameingia naye anasoma Daraja la Kamba juu ya bega la Pazi, siku hizi mchezaji wa kila Jumamosi. Machano akasogeza kiti.

"Kaa basi, baba. Unakuwa nani?"

"Ngoloko ni Wa—"

"Huku hakuna waziri. Yupo mfinyanzi, mpiga mbizi, na mwizi aliyetubu."

Waziri akafikiri sana. "Huyo wa mwisho," alisema kwa sauti ndogo, "ana kazi gani?"

"Utaona. Tumefika mtoni, maji yamejaa. Rusha."

Akairusha dadu ya mpera. Ilibiringika kwenye meza ya kukatia, ikagonga mkasi, ikasita, ikalala juu ya tumbo lake nene. Kumi na moja. Wachezaji wote wakasukuma vitabu pembeni kwa kelele, na sahani ya muhogo ikaanza kuzunguka. Ilipomfikia, Waziri wa Umiliki alichukua kipande, akakigeuza huku na huku akitafuta namba, muhuri, chochote.

"Samahani," aliuliza, "hiki ni cha nani?"

Hakuna aliyemjibu. Walikuwa wanatafuna.